Dawa ya Mkorea na Jina la Mzee Murhula

Kazi yangu ni nywele, na ugonjwa wangu ulianzia kwenye nywele. Za kichwani, ambazo nilizihitaji, zilianza kuniaga kwenye paji la uso. Kidevuni, mahali ambapo sikuwa nimeomba kitu, zikaota nyeusi na ngumu, za kiume kabisa. Mchana nilisuka vichwa vya watu saluni, huku South Beach tunakoishi, na asubuhi kabla ya kutoka nilijifungia bafuni na kibano, naling'oa jeshi hilo unywele mmoja mmoja. Wateja walinisifu ngozi. Kumbe ilikuwa poda juu ya vidonda.

Naandika kwa ajili ya dada nisiyemjua, ambaye sasa hivi yuko bafuni kwake na kibano mkononi na mlango ameufunga. Mimi si daktari, kwa hiyo sitakueleza ovari inafanyaje kazi. Hayo utaelezwa na wenye kuyajua. Nitakwambia tu yaliyonipata, maana mimi nilipokuwa nayapitia sikupata wa kuniambia.

Baada ya nywele, mwili ulinenepa. Sikula zaidi ya zamani, lakini tumbo lilitoka mbele na shingo ikawa nyeusi kama ya mtu aliyesahau kuoga. Hedhi ilianza kukosa mwezi, ikakosa mwingine, mwisho ikawa mgeni anayepita mara moja akapotea msimu mzima. Mimi na mume wangu Justin tulikuwa tumeoana kanisani tukiwa bado wageni hapa Durban, tumetoka Bukavu, Kongo, kila mmoja kwa njia yake, na tangu harusi tulikuwa tunangoja mtoto. Kanisani kwetu wanawake huitwa kwa majina ya watoto wao: Mama Joël, Mama Esther, Mama Plamedi. Mimi niliitwa Mama Faida, na Faida ni mimi mwenyewe. Walifanya hivyo kwa heshima, na kila Jumapili heshima hiyo iliniuma.

Kliniki ilinipeleka hospitali kupigwa picha ya tumbo. Kama hujafika huko, jiandae kwa korido. Benchi zima lilikuwa la wajawazito, na mimi katikati yao na tumbo langu ambalo halikuwa na kitu. Msichana mmoja wa Kizulu aliyekaa karibu nami aliniuliza ni miezi mingapi, akitabasamu. Nilimwambia bado, naye akasema sawa, kama mtu aliyeelewa. Ndani walinipaka jeli ileile ya baridi waliyompaka yeye. Yeye aligeuziwa kioo cha mashine aone. Mimi sikugeuziwa.

Daktari alisema kuna vifuko vingi vidogo kwenye ovari zangu, akanipa vidonge, akaniambia nitembee na nipunguze sukari. Vidonge vilinisumbua tumbo, lakini nilimeza. Nilitembea kando ya bahari kila asubuhi mpaka wale wakimbiaji wa kila siku wakaanza kunisalimia. Kiangazi kiliisha, majira ya baridi yakapita na upepo wake, na hedhi haikuja. Huko Bukavu mama mkwe wangu aliacha kuomba apewe simu aongee nami. Aliongea na mwanawe, nami nilisikia sauti yake ikitoka upande wa pili wa chumba. Chumba chenyewe ni kimoja, kwa hiyo nilisikia mengi.

Aliyenitajia Mkorea ni mteja wangu Nomusa, mwalimu, niliyekuwa nikimsuka kila mwisho wa mwezi. Alikuwa ameona kidevu changu. Mtu ukimsimamia karibu kiasi kile anaona. Hakunisema. Alinieleza tu kwamba kule Morningside yuko mama mmoja wa Kikorea anayetibu kwa mitishamba ya kwao, na kwamba wanawake wenye shida kama yangu huenda. Nilikaa na maneno hayo majuma kadhaa. Mimi ni mtoto wa kanisa, na dawa za majani kwetu zina historia yake na maombi yake ya kuzikemea. Justin ndiye aliyesema, twende tu, hawa Wakorea wenyewe si ndio wanatuletea wamisionari.

Tulimwita Ma Yun kwa sababu wagonjwa wake wote walimwita hivyo. Alikuwa mzee, mfupi, na chumba chake cha kazi kilikuwa upande wa nyumba yake mwenyewe, kimejaa droo ndogondogo ukutani na harufu ya mizizi iliyokauka. Sikuona hirizi wala kichwa cha mnyama, na Justin alishusha pumzi. Ma Yun alinishika kifundo cha mkono wa kulia kwa vidole vitatu, akafumba macho, kisha wa kushoto vilevile. Akaniambia nitoe ulimi. Aliniuliza kama miguu yangu huwa baridi, swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza Durban, na nikagundua kwamba kweli huwa baridi. Sijui kwa nini nililia hapo. Nadhani ni kwa sababu aliuliza.

Aliomba makaratasi yote ya hospitali, akasema vidonge nisiache, na kila nikienda kliniki niseme ninakunywa dawa yake, wanipime damu waone ini. Halafu Justin akamwuliza kuhusu mtoto. Ma Yun alijibu kwa Kiingereza chake cha vipande kwamba yeye huita damu tu, mtoto si kazi yake kumwita. Justin alitikisa kichwa kukubali. Baadaye niligundua kwamba alisikia nusu ya kwanza tu, na kwake damu ikiitwa mtoto yuko njiani.

Dawa ilikuja kwenye boksi, imeshachemshwa, kahawia kama chai iliyoungua, imefungwa kwenye vipakiti vya plastiki. Unakitia kipakiti kwenye maji ya moto, unakata kona, unakunywa ikiwa vuguvugu asubuhi na jioni. Ilikuwa chungu, na nyuma ya uchungu kulikuwa na utamu kidogo ambao ulikuwa mbaya zaidi kuliko uchungu. Masharti yalikuwa mengi. Nguruwe hapana, kuku hapana, vyakula vya unga wa ngano hapana, pombe na vinywaji baridi hapana. Tumbo na miguu vikae na joto saa zote. Kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili, Durban inapotoa jasho hata ukiwa umelala, mimi nilivaa soksi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipopindia.

Kwetu mimba haitangazwi. Mwanamke akishika, hasemi, na anayeona hasemi pia, kwa sababu kuitaja mapema ni kuiitia macho ya watu. Wanaojua wanakupokea tu mzigo mkononi. Wanakupisha kiti. Hakuna wa kukuuliza, na wewe huwezi kukanusha jambo ambalo hujaulizwa. Na mimi sikuwa nimemwambia mtu kanisani kuhusu Ma Yun, kwa sababu ya yale maombi ya kukemea.

Fikiria basi walichokiona. Mama Faida ambaye jana alikula nguruwe leo anaisukuma sahani. Soda ya baridi kwenye ubatizo anaikataa, anaomba maji ya moto. Saluni ameacha kazi ya kuweka dawa za kulainisha nywele kwa sababu harufu inamtapisha, anasuka tu. Miguu ina soksi. Tumbo liko mbele. Mimi nilikuwa naishi na masharti ya Mkorea, wao walikuwa wanasoma mimba, na walisoma bila kukosea hata herufi moja.

Walianza kunipenda. Ndivyo nilivyoona mimi. Mama Joël, kiongozi wa akina mama, ambaye awali alikuwa ananiombea kwa sauti kubwa mpaka jirani akajua matatizo yangu, alipunguza sauti. Vijana walinibebea viti. Mwanzoni mwa boksi la tatu Mama Joël alikuja nyumbani, akaniwekea mapajani kitenge kipya cha bluu chenye ndege wa njano, akanishika bega, akaondoka. Nikadhani Justin amemwambia kuhusu tumbo kukaa na joto. Nilikifunga tumboni siku ileile, na baada ya hapo nilikifunga kila siku, kanisani na saluni. Walipokiona kiunoni mwangu walitazamana na kutabasamu.

Justin naye alibadilika. Aliacha kukaa na wenzake kwenye duka la simu baada ya kazi. Alirudi mapema, akanichemshia maji ya kipakiti. Alinikanda miguu. Sikuwa nimekandwa miguu tangu mwaka wa harusi. Siku moja mama mkwe aliomba apewe simu aongee nami, akaniuliza kama nalala vizuri, akaniambia nisiinue ndoo. Nilipokata simu nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilifikiri ugonjwa umewafungua mioyo.

Hedhi ilikuja Jumapili, katikati ya nyimbo. Ilianza na maumivu ya kiuno ambayo nilikuwa nimeyasahau, halafu nikahisi joto, na nilipotazama chini sketi yangu nyeupe ilikuwa imeshaharibika. Dada, nilicheka. Nilikuwa nimeingoja mwaka mzima na zaidi, nimeinywea uchungu asubuhi na jioni, na ilikuwa imekuja yenyewe, nyingi, nyekundu. Kisha kicheko kikageuka machozi, na nikasimama pale nalia mikono imeinuliwa.

Akina mama walinizunguka kabla sijafika mlangoni. Walinifunga vitenge pande zote kunificha. Wengine walikuwa wanalia kuliko mimi. Mama Joël alinikumbatia kichwa changu kifuani kwake.

"Lia, mama," aliniambia. "Lia tu. Mungu iko anaona."

Nilidhani analia kwa furaha pamoja nami. Walinipeleka nyumbani kwa gari la mchungaji, wakanilaza, wakanipikia uji, wakafunga pazia. Mmoja aliniambia nisikate tamaa, mimi bado kijana. Hapo ndipo kitu kilianza kunigonga kichwani, lakini nilikuwa na maumivu na sikukifuata. Walipotoka, Justin aliingia. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka paji lake la uso juu ya tumbo langu, juu ya ndege wa njano, akasema jina la baba yake.

"Murhula," alisema. "Murhula, mbona unatuacha?"

Kwa akina Justin mtoto wa kwanza wa kiume wa ukoo huchukua jina la babu aliyekufa, na hupewa angali tumboni, kwa siri, na bibi yake. Mama mkwe alikuwa ameshalitoa. Alikuwa na hakika ni wa kiume, aliota. Haya yote nilielezwa pale kitandani, na mume wangu ambaye machozi yake yalikuwa yanapenya kitenge mpaka kwenye ngozi.

Ningeweza kunyamaza. Nilitamani. Nilimshika kichwa, nikamwambia taratibu.

"Papa, hakukukuwa mutoto. Ni dawa njo imefanya kazi. Ni damu yangu tu."

Nilimwona akirudi nyuma kupitia miezi yote ile, soksi, maji ya moto, ndoo.

"Basi mi sikukuwa baba," alisema, "hata siku moja."

Nimechomwa sindano nyingi katika ugonjwa huu, na hakuna iliyoingia kama maneno hayo. Alikaa sakafuni mgongo kwenye kabati mpaka giza likaingia. Kisha aliniomba kitu kimoja: mama yake nisimwambie. Alishamzika mume, alishaishi vita, na sasa ameshamlilia mjukuu; tukimwambia hakukuwa na mjukuu, tutakuwa tunamchezea. Nilikubali. Nilikuwa nimechoka, na damu ilikuwa bado inanitoka.

Ma Yun alinishika vifundo vya mikono juma lililofuata, akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema mwili umekumbuka. Yeye ndiye mtu pekee aliyenipongeza. Kliniki walipima damu, wakasema ini ni zima, nivumilie na vidonge. Kama ni mizizi, au vidonge, au kule kutembea ufukweni, sijui, na nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya. Hedhi ilirudi mwezi uliofuata. Ikakosa mmoja, ikarudi tena.

Lakini huko nje nilikuwa mfiwa. Akina mama walileta sufuria za sombe, yale majani ya muhogo, na maharage, wakakaa nami kimya. Nilijaribu kumwambia Mama Joël. Nilianza kumweleza habari za dawa, naye akanishika mkono akasema nisijilaumu, hata kama ni dawa ndiyo iliyomtoa. Nikaona nikiendelea nitamtupia Ma Yun kesi ya mtoto ambaye hakuwepo, nikanyamaza. Na nikwambie ukweli mwingine: ule ufiwa ulikuwa na heshima yake. Zamani nilikuwa tumbo lililofungwa. Sasa nilikuwa mwanamke aliyeshika akapoteza, na hao ni wengi kanisani kwetu, wana benchi lao, na walinisogezea nafasi. Mama mkwe alinipigia simu kila Jumamosi. Alinifundisha kukanda kiuno kwa maji ya chumvi. Aliniita mwanangu, neno nililokuwa nimelingoja miaka hiyo yote.

Iliendelea hivyo mpaka majira ya baridi, mpaka mke wa Olivier alipokaribia kujifungua. Olivier ni mdogo wake Justin, yuko Bukavu na mama yao. Jumamosi moja nilimwuliza mama mkwe kama jina la mtoto limepatikana. Alisema watatafuta, la kanisani huenda. Nikasema mbona Mzee Murhula yuko.

"Jina ya mzee ilienda na ule wenu," alinijibu. "Jina haitokake mara mbili, mwanangu. Tulishaizika."

Alisema bila kulalamika, na ndivyo ilivyoniumiza. Mume wake alikuwa amekufa tena, huku Durban, ndani ya sketi yangu. Nilikaa na hilo siku kadhaa nikisuka vichwa vya watu. Ningenyamaza, ningebaki na Jumamosi zangu. Mtoto wa Olivier angepata jina la mtume fulani, na hakuna ambaye angejua.

Nilimwambia Justin. Alikasirika, akatoka, akarudi, akasema nifanye ninavyoona, yeye hatasema neno. Alikaa kitandani nilipopiga.

Nilimweleza mama mkwe yote, tangu ndevu. Sikuruka kitu. Kuhusu Mkorea na soksi, kuhusu Jumapili ile. Alisikiliza kimya mpaka nikaangalia simu kama bado iko hewani.

"Basi tulilia nani?" aliuliza mwishowe.

"Sijui, mama. Lakini mi pia nililia."

"Na wewe hukukuwa na kitu mu tumbo."

"Sikukuwa na kitu."

Nilisikia jogoo wa kwao akiwika nyuma yake, na mtu akipita na ndoo.

"Basi jina ya mzee iko," alisema, akakata.

Mtoto alizaliwa wa kiume. Mama mkwe hapigi tena Jumamosi. Akipiga anaongea na Justin, na mimi nasikia sauti yake kutoka upande wa pili wa chumba kama zamani. Sijapata mtoto. Hedhi inakuja karibu kila mwezi, ndevu zimepungua bila kuisha, nywele za mbele zimeota laini kama za mtoto mchanga. Boksi la mwisho nililimaliza, Ma Yun akaniambia nipumzike niuachie mwili, na kliniki bado naenda. Kwenye korido ile naweza kukaa sasa. Nikiulizwa ni miezi mingapi, nasema mimi nina vifuko, na mara nyingine anayeuliza anashusha sauti anasema dada yake pia.

Akina mama niliwaambia Jumapili moja baada ya ibada. Wengine walichukia. Mama Joël, nilipotaka kumrudishia kitenge chake, alisema zawadi hairudi. Nikakifua, nikakipiga pasi, nikampa mtu wa kwetu aliyekuwa anasafiri kwenda Bukavu. Sikuweka maneno yoyote ndani.

Picha iliingia kwenye simu ya Justin miezi miwili baadaye. Aliitazama, kisha akanipa, jambo ambalo si kawaida yake. Mama mkwe amesimama mlangoni kwake, amegeuka kidogo ili mpiga picha aone mgongoni. Huko amelala Murhula, mdomo wazi, amefungwa kwa kitambaa cha bluu chenye ndege wa njano, pale katikati palipochujuka kidogo kwa jasho la tumbo langu.